Mizani Kwanza, Nyongeza Baadaye

Siku niliyorudisha funguo za ofisi, ninyi mnaobaki mliniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi yetu ya vipimo, kwa sababu eti mimi ni wa mwisho aliyejifunza kabla ya mizani za betri. Sawa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hivyo vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe lilipotea mara mbili, kwa hiyo hata mkitaka kuhakiki mtapata shida. Nitaandika yale yanayoweza kumsaidia mtu aliyesimama sokoni na sare ya serikali huku watu mia wakimtazama vibaya.

Nilifika Tarime nikitokea kwetu Singida. Nilikuwa nimesimuliwa mengi juu ya Wakurya, yote na watu ambao hawajawahi kufika huku. Mkuu wangu wa kwanza aliitwa Mzee Magesa, mtu mfupi, mkimya, asiyependa haraka. Asubuhi ya kwanza hakunionyesha meza wala kiti. Alinikabidhi sanduku la mbao lenye mawe ya mizani, yale ya shaba ambayo kwayo tunakagua mizani za wengine, akaniambia nitangulie nalo. Nilipolifungua na kushika jiwe moja kwa vidole, alinichapa mkono kama mtoto aliyedokoa mboga.

"Jasho lako lina uzito," alisema. "Shika kwa kitambaa."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa mzaha. Mafuta ya mkono yakizoea jiwe, jiwe linaanza kudanganya, na afisa mwenye jiwe linalodanganya ni mwizi mwenye kitambulisho. Nimeshika kwa kitambaa hadi wiki ya mwisho kazini, na nimewaona baadhi yenu mnavyoshika. Sitawataja.

Tulianzia buchani. Mwenye bucha alipotuona alianza kufuta kaunta ambayo naamini haikuwa imefutwa tangu inunuliwe. Mzee Magesa alimsalimia vizuri, akaweka jiwe la kilo moja kwenye sinia, na mshale ukapita kilo moja ukaenda mbele kutembea. Akainama, akapitisha kidole chini ya sinia, akabandua kipande cha mafuta ya ng'ombe kilichogandishwa pale kwa ustadi mkubwa.

"Mzee, hiyo mizani ilikuwa na mafua," mwenye bucha alisema.

"Basi leo tumeipenga kamasi," Mzee Magesa alimjibu, huku akiandika.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Na bei je, mzee? Mwambieni ashushe, nyama imepanda mno." Nilifungua mdomo nimuunge mkono, maana niliona ana haki kabisa. Mzee Magesa alinikanyaga mguu. Tulipotoka nje ndipo alipozungumza kwa kirefu, na kwake maneno kumi yalikuwa hotuba.

"Bei si kazi yako," alisema. "Ukishaanza kuulizia bei, umekuwa dalali. Huyu auze anavyotaka. Yule mama akiona ghali, avuke barabara aende bucha ya pili. Lakini atalinganishaje bucha mbili kama kilo ya hapa si kilo ya kule? Sisi tunamfanyia hilo tu. Kilo iwe kilo."

Niliona ni kazi ndogo mno kwa kijana kama mimi niliyekuja kuwaokoa wanyonge. Ilinichukua miaka mingi kuona ukubwa wake, na mingi ya miaka hiyo niliimalizia kwenye vituo vya mafuta na machimbo madogo ya dhahabu, nikiwa na jiwe, kitambaa na daftari.

Kule machimboni walikuwapo vijana wa Geita, Shinyanga, Kigoma na kila mahali, na walikuwa na mnunuzi mmoja waliyemchukia kwa moyo wote. Waliniomba nimfungie duka. Nilikaa dukani kwake asubuhi nzima, nikaona kwamba kila mchimbaji akiingia, yeye analalamikia joto na kuwasha feni ndogo iliyokuwa chini ya meza. Upepo wake ulipanda moja kwa moja kwenye kisahani cha mizani, na dhahabu ikawa nyepesi kidogo. Vijana walitaka nimfukuze. Mimi nilimtoza faini kwa kosa lake, nikahamisha feni, nikaweka mizani kwenye kisanduku cha kioo mbele ya macho ya wote. Aliendelea kununua pale miaka mingi. Hakupata kuwa mtu mwema, ila alikuwa mtu asiye na feni, na vijana walitosheka na hilo.

Lakini kazi iliyonifundisha kazi ni gulio la Busawe, kule Serengeti. Wakati huo Mzee Magesa alikuwa amestaafu na kuhamia Musoma, na mimi ndiye niliyeachiwa eneo. Mahindi ya Busawe yalinunuliwa na madalali wa Sirari, kule mpakani na Kenya, waliokuja na malori, na yalinunuliwa kwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba cha kamba juu yake na kujazwa tena, halafu mnunuzi analiita gunia moja. Mkulima anatoa karibu gunia na nusu, anahesabiwa moja. Waliouza zaidi walikuwa wanawake, na aliyejulikana kuliko wote ni Mama Wankuru, mjane mwenye ekari chache na sauti inayofika upande wa pili wa soko.

Mwaka ule walikuja ofisini wenyewe, yeye akiwa mbele, wakaomba mizani. Alisema kwamba ukipita msimu mwingine wa lumbesa kama uliopita, wataacha kulima mahindi ya kuuza, walime ya kula tu, na gulio litabaki la vitunguu na mitumba. Hakuwa anatisha. Alikuwa ananipa taarifa.

Nilikwenda na mizani mpya ya chini, pima maji ya kuisawazishia, na kiburi. Nikiwa bado naisawazisha, mbuzi mmoja alipanda juu yake akasimama, akawa mteja wangu wa kwanza. Kisha nikashika kipaza sauti, nikatangaza kuwa lumbesa ni marufuku na kila kitu kitauzwa kwa kilo. Wanawake walipiga makofi. Dalali mkubwa wa pale, Bwana Nyangi, mwenye malori matatu na ndugu wengi upande wa Kenya, alinijia huku akitikisa kichwa.

"Bosi, hii stori yako haiwezekani bana. Kastoma wangu kule Isebania wanataka gunia imejaa, hawataki hesabu."

"Basi wajazie huko Isebania," nilimwambia, na watu wakacheka. Nikajiona nimeshinda kabla saa nne haijafika.

Muda mfupi baadaye Mama Wankuru alimpimia mwalimu mmoja kilo kumi. Mizani ilipotulia, aliinama, akachota mahindi kwa viganja viwili vilivyounganishwa, akayamimina kwenye mfuko wa mwalimu. Hiyo ndiyo nyongeza. Pale Busawe hakuna muuzaji anayeuza bila kuitoa, na hakuna mnunuzi anayeidai. Mimi niliyekuwa nimetoka kupiga marufuku lumbesa niliiona nyongeza kama lumbesa ndogo iliyojificha.

"Mama, rudisha hiyo," nilisema.

"Nirudishe nini?"

"Hiyo uliyozidisha. Kilo kumi ni kilo kumi."

"Nimempa."

"Hakuna kuzidisha. Itoe."

Hakuitoa. Basi mimi, afisa wa serikali mwenye akili zake, niliingiza mkono kwenye mfuko wa mwalimu, nikachota mahindi, nikayarudisha kwenye gunia la mwenyewe. Mama Wankuru alifunga gunia lake, akamwita mwenye mkokoteni, akaondoka bila neno hata moja. Mtu anayemfahamu angeogopa palepale. Mimi nilidhani amenielewa.

Wiki iliyofuata gulio lilikuwa na mimi, mizani na yule mbuzi. Wanawake walibaki majumbani, na madalali wakapita nyumba kwa nyumba wakifurahi, maana sasa kila muuzaji alikuwa peke yake uani kwake, bila wa kumwuliza jirani ameuzaje. Vilemba vya lumbesa vilirefuka kuliko vya msimu uliopita. Nilikuwa nimeondoa wizi sokoni kwa kuliondoa soko lenyewe. Niliona aibu, na siyo aibu ya kupambia hotuba ya kustaafu. Nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda kupanda gari ili nisikutane na mtu.

Kamati ya soko ikaitisha mkutano. Nusu walitaka nitangaze bei ya serikali, nusu walitaka malori ya Sirari yazuiwe barabarani. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole aliyechoka na kelele, alisema gulio lipewe siku moja tu zaidi. Lisipojaa, eneo wapewe watu wanaotaka kujenga stendi ya mabasi. Hakuna aliyempinga, na mimi ndiye niliyekuwa chanzo cha yote.

Nilimpigia simu Mzee Magesa, nikamweleza kila kitu, pamoja na mkono wangu na mfuko wa mwalimu.

"Zile kilo kumi zilikuwa kamili?" aliuliza.

"Kamili kabisa, mzee."

"Na yale ya viganjani, aliyauza?"

"Hapana. Aliyatoa."

"Sasa wewe ulikuwa unapima nini?"

Akakata simu. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mama Wankuru. Nilimkuta anaanua mahindi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Leo umekuja kunirudishia nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Umetumwa na serikali?"

"Hapana. Serikali haijui kama nimekuja."

Hapo ndipo alipoleta kigoda. Aliniletea na uji wa mtama, akakaa mkabala nami, akaanza kunisomesha.

"Mura, sikia," alisema, akiniita kama wanavyomwita kijana kwao, ingawa nilikuwa na mvi tayari. "Mizani yako niliiomba mimi, siichukii. Wanaoichukia ni wenye malori. Lakini kilo yangu ni kilo, na kilo ya Ghati hapo jirani ni kilo. Sasa mnunuzi atachagua vipi? Anakuja kwangu kwa sababu mahindi yangu ni makavu, hayana mchanga, na mkono wangu si mzito. Ukininyang'anya mkono wangu, unaniachia nini?"

"Lakini mama, hata lumbesa wanasema mnatoa wenyewe."

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Lumbesa nanyang'anywa. Nyongeza natoa. Wewe ulisoma mpaka wapi hata hujui tofauti ya hivyo viwili?"

Nilikuwa nimesoma mpaka Dodoma, na hilo halikuwamo. Tulikubaliana palepale. Mizani kwanza, kila mtu aone, gunia lishonwe mdomo sawasawa bila kilemba. Kilo zikishatimia, mimi sina habari tena. Muuzaji akitaka kuongeza viganja viwili, au kumi, au asiongeze kabisa, ni mkono wake na jina lake. Ila nikimwona mnunuzi anayedai nyongeza kwa nguvu, huyo ni wangu. Mama Wankuru alizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu akiwaambia wenzake, na mimi nilibaki ofisini nikiomba Mungu.

Siku ya gulio walifika. Walikuja na mikokoteni, punda na bodaboda, wakapanga magunia mistari mirefu kuliko niliyowahi kuona pale. Malori nayo yalifika. Lakini Bwana Nyangi alikuwa amewaweka sawa wenzake, kwamba hakuna dalali atakayenunua kwa mizani. Wakaegemea malori yao wanakula karanga. Saa tatu, saa nne, saa tano, hakuna gunia hata moja lililouzwa. Jua likawa kali na wanawake wakaanza kutazamana.

Mwenyekiti alinijia akinong'ona. "Mzee, toa hiyo mizani watu wauze waende nyumbani. Au basi tangaza bei, uwalazimishe hawa."

Kila kitu kilitegemea jibu langu. Nilijua nikitoa mizani, Mama Wankuru na wenzake hawatalima tena mahindi ya kuuza. Nikitangaza bei, malori yataondoka matupu na nitakuwa nimewazika kwa huruma yangu mwenyewe.

"Bei ni yao na wanunuzi wao," nilimwambia. "Mizani haitoki hapa."

Ndipo akashuka mama mmoja kutoka kwenye pikapu kuukuu iliyokuwa nyuma ya malori. Aliitwa Mama Akinyi, mfanyabiashara mdogo wa Sirari, na madalali wakubwa hawakumshirikisha kwenye mipango yao kwa sababu walimwona hana uzito. Garini alikuwa na lumbesa moja aliyoinunua wiki ile nyumbani kwa mtu. Aliwaomba wapagazi waishushe, wakaiweka juu ya mizani.

"Nisomee," alisema.

Nilisoma. Uzito ulikuwa mdogo kuliko wa gunia la kawaida lililoshonwa sawa, pamoja na kilemba chake chote. Mama Akinyi alikata uzi, akamwaga mahindi juu ya turubai, na katikati ya gunia yakatoka magunzi makavu, madebe kwa madebe. Soko liliangua kicheko, hata watu wa malori.

"Woi! Kwa hivyo mimi nimekuwa nikivusha magunzi border!" alipiga kelele. "Kinu cha kule kinanipimia kwa kilo. Kila safari napatikana pungufu, nagombana na wao, nawaita wezi. Sasa kama nauza kwa kilo, kwa nini ninunue kwa macho? Ni nani hapa ako na mahindi kavu?"

"Njoo huku," alisema Mama Wankuru.

Wakabishana bei. Mimi nilisogea mbali makusudi nisisikie. Walibishana kwa mikono, kwa macho, kwa kuondoka na kurudi, hadi wakapatana. Magunia yakapanda mizani moja moja, sote tukaona. Lilipopimwa la mwisho, Mama Wankuru alichota viganja viwili, akanitazama mimi kwanza, kisha akamimina. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika hadi mjini Mugumu.

Mama Akinyi alirudi kununua tena, na safari hii akachagua yale makavu kabisa kwa raha zake. Dalali mmoja akaona mahindi mazuri yanakwisha, akatupa karanga zake akaja. Kisha wa pili. Kufika saa nane mistari ilikuwa imefika nusu, na Bwana Nyangi alikuja wa mwisho, mikono mfukoni, akipita kama mtu anayetafuta choo. Alipima magunia arobaini. Alipomaliza alisimama akimtazama Mama Wankuru.

"Na mimi nyongeza yangu iko wapi, mama?"

"Wewe bado," alimjibu. "Jitahidi msimu ujao."

Nilicheka hadi machozi, na sioni haya kusema kwamba mengine hayakuwa ya kicheko. Stendi ilijengwa mahali pengine. Msimu uliofuata walikuja wanunuzi ambao hatukuwahi kuwaona, wengine kutoka Mwanza, kwa sababu walisikia kuna gulio ambalo gunia lake ni gunia. Mama Wankuru aliongeza ekari mbili. Bwana Nyangi alipata nyongeza yake msimu wa tatu, akaipokea kwa mikono miwili mbele ya watu.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza wiki chache kustaafu, nililala na homa siku ya gulio. Saa tatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa Bwana Nyangi, na nyuma yake sikusikia kelele yoyote ya soko.

"Mzee, muhuri wa ukaguzi wa mizani umeisha muda tangu jana," alisema. "Hapa tumesimama wote. Mimi sinunui, wenzangu hawanunui, na hawa mama wamekataa kuuza. Kuja haraka bana, serikali gani hii inalala?"

Hilo lilikuwa tusi tamu kuliko yote niliyowahi kutukanwa. Nilivaa koti juu ya homa yangu, nikapanda bodaboda. Nilikuta malori yamezimwa, magunia yamepangwa, watu mia kadhaa wamekaa kimya wananingoja, na hakuna aliyenitazama vibaya. Nikaisawazisha mizani, nikapanga mawe kwa kitambaa, nikahakiki, nikagonga muhuri mpya. Kabla sijafunga sanduku, Bwana Nyangi alikuwa ameshaniweka kando kwa kiwiko ili apitishe gunia lake la kwanza, na kelele za bei zikaanza pande zote, na hakuna aliyenihitaji tena.